Zizi Juu ya Chemchemi

Kijijini, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zitangulie, mengine yatafuata nyuma yakichechemea. Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya uzima wa siku hizi. Mama ameketi hapa kando akinisimamia kama hakimu, anataka niandike kwamba magoti yake yamepunguza kelele. Si uongo. Tangu aanze kunyoosha viungo na wazee wenzake pale uwanja wa shule, anainuka kitini bila kumwita mtu. Binti yangu mkubwa amefaulu mtihani na sasa hatuambiliki. Mkeo na mtoto nao, je? Jino limeota, au bado anatafuna vidole vya watu?

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Kwenye simu, kila nikifika kwenye neno lenyewe, mtandao wako unaanza kusumbua. Karatasi haina mtandao. Nimempa dereva wa lori la maziwa, na kwa kuwa mapokezi ya maziwa pale kiwandani ni yako, huna pa kujificha.

Kile kikundi chetu cha kujitolea unakikumbuka. Watu walituita Wasio na Kazi, wakidhani tutaona haya. Fundi cherehani akatudarizia jina hilohilo vifuani, ikawa ndiyo sare yetu. Tunawatembelea wagonjwa majumbani, tunawapikia wazazi waliojifungua, mkunga mstaafu anapima presha kwenye ukumbi wa shule, na wale wanaoishi peke yao tunahakikisha kuna mtu wa kuwagongea mlango, hata kama ni kwenda kusikiliza malalamiko tu. Lakini kazi tuliyojivunia zaidi ni chemchemi. Fundi mwashi aliijengea ukuta na kuifunika, akatoa bomba kwa mbele, hakuomba hata soda. Mwaka ule wote muuguzi wa zahanati alikuwa akituambia, watoto wa kuhara wamempungua hadi akapata muda wa kupaka dirisha rangi.

Sasa wamerudi. Mvua za kwanza zilipopiga, maji yakaanza kutoka na harufu. Tukasafisha bomba, tukakoroga dawa, harufu iko palepale. Watoto wanaharisha nyumba kwa nyumba. Juzi tukasema tupande mlima tuone maji yanatoka wapi. Hatukwenda mbali. Kwenye lile shamba la mteremko, alilotuachia baba mimi na wewe, kuna banda jipya la ng'ombe, na samadi inateremka kama imetumwa. Ng'ombe wenyewe ni wa Bamdogo.

Nilikwenda kwake kwa adabu zote. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema mvua haijaanza leo na ng'ombe hawajaanza leo.

Mwandikie wewe. Neno lako kwake lina uzito kuliko langu, unajua hivyo na mimi najua. Na nijibu hili moja: ulijua kwamba amejenga pale?

Ni mimi dada yako.


Mjini, 2 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimefurahi mno kusikia magoti ya mama yamepata nafuu. Mwambie namshukuru Mungu. Huku nasi hatujambo. Jino limeota, tena limeshauma jirani. Mke wangu anakusalimu, anauliza kama zile mbegu za maboga ulizoahidi bado zipo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi imezidi. Msimu wa mvua maziwa ni mengi, malori yanapanga foleni hadi barabarani, na mimi ndiye wa kuonja, kunusa, kupima na kusema hapana. Hakuna mtu anayependwa kwa kazi ya kusema hapana.

Pongezi kwa kikundi chenu. Hapa hata kumjua jirani ni bahati.

Kuhusu mambo ya mlimani, dada, tuende polepole. Bamdogo ni mzee wetu. Baba alipofariki, nani alitutoa kwenye njaa? Mtu akishafika umri ule akapata angalau ng'ombe wake wawili watatu wa kumpa heshima, si vizuri watoto aliowalea kumwendea na kundi la watu. Mvua zitakwisha, na harufu itakwisha. Kwa sasa chemsheni maji. Ni jambo dogo na ni afya pia, hata muuguzi atawaambia.

Msalimie mama. Nitakuja nikipata nafasi.

Mdogo wako.


Kijijini, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Mbegu za maboga zipo.

Mtoto wa fundi mwashi amekufa.

Ni yule wa mwisho, aliyekuwa akimfuata baba yake kazini akibeba jiwe moja na kujiita msaidizi. Aliharisha tangu asubuhi. Tulimbeba kwa machela yetu ile ya mianzi hadi zahanati, mkunga akitembea kando akimtilia maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na muuguzi alijitahidi, lakini alikuwa amekauka. Baba yake ndiye aliyelijenga lile bomba. Unaelewa ninachokuambia? Mkono uliojenga ndio uliokinga yale maji na kumpelekea mtoto nyumbani. Ameirudisha sare yetu. Aliitundika kwenye msumari wa mlango wangu akaondoka.

Unasema tuchemshe maji, ni jambo dogo. Kuni anakwenda kutafuta nani? Wewe? Bibi yule asiyeona, anayeishi peke yake kule mwisho wa njia, atachemshia nini, maneno yako? Tunazunguka tukiwachemshia wale tunaoweza kuwafikia, tumeacha mashamba yetu. Huko kwako lori zima linarudishwa kwa sababu ya unyasi mmoja kwenye maziwa, kwa kuwa watu wa mjini hawanywi uchafu. Mama yako anakunywa mavi ya ng'ombe, na kwake unasema polepole.

Sasa nifike kwenye lililoniandikisha. Baada ya mazishi tuliitisha mkutano. Bamdogo alikuja kwa hiari yake, na koti lake la kanisani. Mimi ndiye niliyesimama kueleza, maana ndimi mwenyekiti. Nilisema banda liko juu ya maji na lazima lihame. Akaniacha nimalize. Kisha akainuka, wala hakupandisha sauti.

Akasema, "Muulizeni mwanangu aliyeko mjini. Yeye ndiye aliyenipa ile sehemu nijenge. Yeye ndiye aliyenitafutia soko pale kiwandani kwake. Kama ni kosa, ni kosa la nyumba ya huyuhuyu anayewahutubia."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa bado nimesimama. Sikujua nikae au niendelee kusimama, mdogo wangu, nikabaki hivyo kama mti uliosahauliwa shambani. Mama mmoja nyuma akasema, kumbe ng'ombe ni wa kwao wenyewe. Na kweli atasemaje vingine?

Shamba lile ni letu wawili. Hukuniuliza. Kisha nilikuuliza kwenye barua kama ulijua, ukanijibu habari za jino.

Sitaki samahani. Sema ukweli, na andika kwa Bamdogo atoe banda lile.

Dada yako.


Mjini, 27 Mei

Dada,

Natumai hamjambo nyote. Sisi tupo. Mtoto alipata mafua, amepona.

Poleni sana kwa msiba. Nimeisikia habari ya mtoto wa mwashi na imenikaa kifuani. Mfikishieni pole zangu.

Barua yako niliisoma, nikaiweka. Kila nilipoichukua kuijibu, nilijikuta nimekunja ngumi. Nimeacha wiki zipite ili nisije nikakuandikia maneno ya mtu mlevi wa hasira, na naona hazijasaidia kitu.

Ndiyo, nilimpa. Sikukuuliza kwa sababu jibu lako nilikuwa nalijua. Wewe huwa una hapana yako tayari, imekunjwa mfukoni. Bamdogo alikuja mpaka hapa kiwandani, akasimama langoni pamoja na vibarua, kofia mkononi, mtu aliyenivusha shule. Akasema mwanangu, nimezeeka, nataka nife nikiwa na kitu. Ningemjibu nini? Ningemwambia subiri nimwulize mwenyekiti wa Wasio na Kazi?

Wewe ulibaki nyumbani na mama, na watu wanakusifu, na unastahili. Lakini aliyekuwa akiamka kwenda kubeba magunia na Bamdogo ili ada ipatikane ni nani? Ni mimi. Nalijua jasho lake lilivyonuka. Leo mmekuwa serikali huko, mnapanda mlima kukagua mabanda ya watu, mnaitisha mikutano, mzee anasimamishwa mbele ya kadamnasi kama mwizi wa kuku. Huo nao ni uzima? Mnanyoosha magoti ya wazee na kuwavunja shingo.

Na ng'ombe wako mlima mzima. Mnajuaje ni hao?

Nimesema. Kama umekasirika, tuko wawili.

Halafu, umeandika mama ananisalimu, lakini mbona safari hii hakukuandikisha salamu kwa maneno yake mwenyewe? Huwa haachi kutia neno lake. Barua yako yote sikumsikia humo ndani.

Mdogo wako.


Kijijini, 9 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo.

Umeuliza tunajuaje. Juu ya chemchemi hakuna ng'ombe wengine. Ungekuwa umefika nyumbani tangu banda lijengwe, usingeuliza.

Tunachimba mtaro kuyakinga maji machafu yapite kando. Fundi cherehani ana malengelenge hadi sindano haishiki. Udongo ni mwamba mtupu na mvua inaufukia mtaro kila tukigeuka. Bamdogo hupita na kututazama, halafu huendelea na safari yake.

Kazi njema.


Mjini, 20 Juni

Dada,

Leo sina salamu.

Nilikuwa sakafuni kwenye mapokezi, nimeshika kijiko cha kupimia, dereva anashusha makopo. Akaniambia kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Na bi mkubwa anaendeleaje? Nilipishana na wale watu wa machela wamembeba, nikawapakia kwenye lori hadi zahanati. Alikuwa hajitambui." Nikamwuliza bi mkubwa gani. Akanitazama. Akasema, mama yako, bwana. Ni kabla ya barua hii niliyokuletea mara ya mwisho.

Kabla ya barua ile! Barua iliyosema mama hajambo.

Dada, kwa mkono gani uliliandika neno lile? Mimi nimekosa, nimekubali nilimpa Bamdogo shamba, nitukane unavyotaka. Lakini mama ni wangu pia. Angekufa ningejulishwa na nani, na dereva? Ulikuwa unaniadhibu? Basi umefaulu. Nilikaa juu ya kopo la maziwa mbele ya vibarua.

Nimepiga simu, hampatikani. Mtandao sasa ndio unasumbua kweli.

Nilikwenda kwa bosi siku hiyohiyo. Nikamweleza banda liko wapi, maji yanakwenda wapi, na kwamba makopo ya Bamdogo yanasuuzwa kwa maji ya bomba lile lile. Nikamweleza pia kwamba mimi ndiye niliyemleta Bamdogo auze kiwandani, na kwamba shamba ni letu. Akanisikiliza. Kisha akaamuru maziwa ya Bamdogo yasipokelewe tena mpaka ng'ombe wahamishwe, na mimi akanitoa mapokezi. Sasa ninaosha makopo. Bamdogo nimemwandikia mwenyewe, barua yake imo mkononi mwa dereva pamoja na hii. Nimemwambia shamba la mteremko naliomba, alirudishe, na kama ni laana yake nitaipokea.

Hayo yote baadaye. Jibu moja tu: mama yu hai?


Kijijini, 28 Juni

Mdogo wangu,

Yu hai. Nimelitanguliza usilitafute.

Anakula uji, amekonda, na ulimi umerudi kabla ya miguu. Ananiambia niandike kwamba dereva yule ana mdomo mpana kuliko lori lake, lakini moyo wake safi.

Umeniuliza kwa mkono gani. Kwa mkono huuhuu. Siku ile tulipompeleka nilirudi nikashika kalamu nikuite. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto wa mwashi alipokufa uliniandikia pole baada ya wiki nyingi, na chini yake ukaniuliza tunajuaje ni ng'ombe hao. Nikajua nikikuambia mama anaumwa, utalipuka, utafanya yote usiyoyafanya kwa mtoto wa mtu. Sikutaka. Nilitaka utende kwa ajili ya yule mtoto. Nilitaka nione kama bado uko. Ulikuwa ukatili, naujua, na siku zile mama alipokuwa hafumbui macho nilijiuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kucheza hivyo na mtoto wake. Lakini sikuomba msamaha kwako wakati huo na sasa hivi pia bado unanikwama kooni. Tuuache hapo.

Nikueleze yaliyotokea.

Barua yako kwa Bamdogo ilifika siku makopo yake yaliporudi yamejaa. Alikuja kwetu moja kwa moja, jua limesimama, na nilikuwa uani nikianika nguo za mama. Hakunisalimia. Aliingia hadi chumbani, akasimama kwenye miguu ya kitanda. Fundi cherehani alikuwa humo, ilikuwa zamu yake ya kukaa na mgonjwa, akataka kutoka, mama akamwashiria abaki.

Bamdogo alisema mengi. Alisema amemaliza ujana wake kwa kutulea sisi, hakuoa mke wa maana kwa sababu yetu, na sasa watoto wake mwenyewe wamemmwagia maziwa chini mbele ya mji mzima. Sauti ilikuwa ikimkatika. Nikwambie kweli, nilimhurumia, na kumhurumia kwenyewe kuliniongezea hasira. Akamwambia mama aamue. Alisema, wewe ndiye mkubwa uliyebaki, shemeji, sema, nimewakosea nini watoto hawa?

Mama alikuwa ameegemea ukutani na mto mgongoni. Alijiinua kidogo. Kisha akasema: "Hujatukosea, shemeji. Sisi tunadaiwa fadhila zako mpaka kaburini, nami nakunywa yale maji yako, ndiyo sehemu yangu ya deni. Lakini mtoto wa mwashi alikuwa anadaiwa nini?"

Bamdogo akavaa kofia yake mle mle chumbani, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya mama, akatoka.

Kesho yake asubuhi tulisikia ng'ombe barabarani. Alikuwa akiwaswaga mwenyewe, akiwateremsha kwenye kile kiwanja chake cha bondeni, ng'ambo ya barabara, ambako maji hayarudi kwetu. Hakuomba msaada. Wasio na Kazi walikwenda bila kuombwa, si kwa mapenzi, tulitaka tu lile banda liondoke kabla mvua nyingine haijashuka. Tulibomoa tangu asubuhi hadi jua kukaribia kuzama. Fundi mwashi alikuja. Alikuja na nyundo yake, akang'oa misumari mmoja mmoja, akafunga mzigo wa mabati na kuubeba kichwani hadi bondeni. Alipomfikia Bamdogo aliuweka chini miguuni pake. Bamdogo akamwita kwa jina la yule mtoto wake aliyekufa, baba fulani, kama tulivyozoea kumwita. Mwashi alimtazama mpaka mzee akainamisha uso, kisha akapanda kuchukua mwingine. Sare hajaichukua. Bado iko kwenye msumari, na sitaiondoa.

Maji muuguzi amepeleka yapimwe. Anasema udongo utahitaji muda, na mpaka hapo tunachemsha. Kwa hiyo tunachemsha, na kuni tunatafuta sisi. Wazee wameanza tena mazoezi, wameniambia wanamngoja mama kwa sababu hakuna mwingine wa kuwacheka.

Kuhusu kazi yako, nimesikitika. Nimefurahi pia, na sitakuficha hilo. Kuosha makopo si aibu. Ungeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua.

Lakini usidhani tumemaliza. Ulilitoa shamba la baba kama mtu anayempa mgeni kiti, nami nikiwa nimesimama. Ulisoma habari za kifo cha mtoto ukaenda kazini wiki baada ya wiki. Ulisema tunavunja wazee shingo, na nimelikariri neno hilo kwenye mtaro nikichimba, kila jembe na neno lake. Nami nina langu ambalo una haki ya kunisemea usoni. Mambo hayo hayaandikiki.

Kwa hiyo njoo. Usitume zawadi, usimtume mkeo atangulie kulainisha. Mama amesema nitie neno lake hapa, naliandika kama alivyolitamka: "Mwambie nimepona vya kutosha kumgombeza." Langu ni hilohilo. Hasira yangu ipo, sijaipunguza hata chembe, na sitaki kuipunguza kwa karatasi. Nimekuwekea yote. Njoo uichukue mwenyewe, na ukifika usipitie kwa Bamdogo wala kwangu. Anzia kwa mwashi.

Dada yako.